Kisomo Asichojitambulia Mwanafunzi

Mwaka 1974 Paul Zurkowski, aliyekuwa rais wa chama cha makampuni ya habari nchini Marekani, aliiandikia tume ya taifa ya maktaba ya nchi hiyo ripoti inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuunganisha neno la Kiingereza lenye maana ya kisomo na neno lenye maana ya habari. Aliowakusudia ni wafanyakazi, si wanafunzi. Wakutubi ndio walioihamishia istilahi hiyo vyuoni, hasa baada ya ripoti ya chama chao ya mwaka 1989, iliyoeleza kuwa mwenye kisomo hicho hutambua lini anahitaji habari, na huweza kuitafuta, kuipima na kuitumia.

Istilahi basi ilishuka kutoka juu, na waliokusudiwa hawakuipokea. Melissa Gross na Don Latham wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwahoji wanafunzi wa shahada ya kwanza, na mwaka 2009 wakachapisha waliyoyasikia: wanafunzi walithamini jibu lililopatikana kuliko njia ya kulipata, na walipendelea kumwuliza mtu. Mwaka 2010 Alison Head na Michael Eisenberg walitoa matokeo ya wanafunzi 8,353 wa vyuo 25 vya Marekani. Asilimia 84 walisema kuwa lililo gumu kwao ni kuanza. Ugumu waliuona, kwamba upo ujuzi unaofundishika wa kuuondoa, hilo ni jambo jingine.

Mfasiri wa Kiswahili anarithi tatizo hilo, na anaweza kulizidisha. Neno kisomo, tangu kampeni za miaka ya 1970, limeshikamana na watu wazima waliofundishwa kusoma na kuandika. Hiyo ni heshima kubwa. Hata hivyo mwambie mwanafunzi wa Mlimani kwamba anahitaji kisomo, atadhani anatukanwa. Habari nayo inampeleka kwenye redio, au kwenye salamu.

Sisi tunapendelea "stadi za kutafuta na kupima taarifa". Taarifa ina harufu ya jalada la ofisini, na istilahi yenyewe ni ndefu. Watengenezaji wa majedwali watanung'unika. Lakini ina vitenzi viwili, na ni njia hasa ambayo wanafunzi wa Florida hawakuithamini. Jedwali likiwa finyu, kitenzi cha kwanza chaweza kuachwa, kwa kuwa kutafuta kila mwanafunzi anadhani anakujua. Kupima kusiachwe.