Nasaba ya Gango la Goti

Katika viungo vyote vya mwili wa binadamu hapana kiungo kilichobebeshwa mzigo mkubwa kwa ulinzi mdogo wa mifupa kama goti. Nyonga imezamishwa ndani ya kikombe cha mfupa, na kifundo cha mguu kimebanwa na mifupa kulia na kushoto. Lakini goti ni ncha mbili za mifupa mirefu, wa paja juu na wa muundi chini, zilizokutanishwa juu ya vipande viwili vya gegedu, kisha kano na misuli zikaachiwa kazi yote ya kuzizuia zisiachane. Kano nne ndizo tegemeo la kazi hiyo: mbili zimesimama ubavuni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje, na mbili zimepishana katikati kwa sura ya msalaba, ya mbele ikiuzuia muundi usiteleze kwenda mbele, na ya nyuma ikiuzuia usirudi nyuma. Mlingoti wa jahazi hausimami kwa unene wa mti wake bali kwa kamba zilizokazwa pande zote, na ikikatika moja, hata upepo mdogo huutikisa. Na goti nalo, kano ikikatika au misuli ya paja ikidhoofu, humtoka mwenyewe akishuka ngazi au akigeuka ghafula, akajikuta chini kabla hajajua lililomfika. Juu ya udhaifu huo wanadamu wamefikiri kwa muda wa karne nyingi, na katika fikra hizo kikazaliwa gango, kifaa ambacho leo huuzwa madukani ndani ya mfuko wa plastiki, ilhali nasaba yake ni ya wahunzi, washona ngozi na waunga mifupa, watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa.

Kuufunga mguu uliojeruhiwa kwa vijiti na kitambaa ni jambo la kale mno. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyewatibu wapiganaji wa uwanjani huko Pergamon katika karne ya pili, aliziandika kano za goti. Baada yake, huko Andalusi, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, alitunga kitabu kikubwa cha utabibu chenye sehemu 30, na katika sehemu ya mwisho, iliyo ya upasuaji, akaeleza namna ya kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 kikasomwa Ulaya kwa muda mrefu. Na wala elimu hiyo haikukaa mikononi mwa matabibu peke yao. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu wa fikihi katika pwani yetu ameisoma hukumu ya mwenye gango: kwamba akichelea madhara ya kulifungua kwa ajili ya udhu, huosha sehemu iliyo nzima, akapangusa kwa maji juu ya gango, na katika madhehebu ya Shafii akaongeza kutayamamu. Sheria haiweki mlango maalumu kwa jambo la nadra, na kuwako kwa mlango huo ni ushahidi kwamba watu wa zama hizo walikuwa wakienda kuswali na viungo vilivyofungwa, na kwamba wanavyuoni walitambua kuwa kiungo kilichofungwa hakifai kufunguliwa kila saa.

Lakini gango la kutembea nalo, yaani lile ambalo mtu hulivaa akasimama na kwenda kazini kwake, lina deni kubwa kwa ukoo mmoja wa Wales. Husimuliwa katika kisiwa cha Anglesey kwamba katikati ya karne ya 18 merikebu ilivunjika ufukoni, akaokolewa mtoto wa kiume asiyejua neno la lugha ya wenyeji; akalelewa na watu wa huko, akapewa jina la Evan Thomas, na kabla hajawa mtu mzima akadhihirisha kipaji cha kuunga mifupa ya wanyama, kisha ya watu. Kipaji hicho kikawa urithi. Mjukuu wa ukoo huo, naye akiitwa Evan, alihamia mji wa bandari wa Liverpool, akawatibu mabaharia na wachukuzi kwa maarifa aliyorithi, asiwe na shahada yoyote, nao madaktari wenye vyeti wakamshitaki mara kwa mara. Mzee huyo alifanya jambo la busara kuu: aliwapeleka wanawe wote watano wakasome udaktari, ili maarifa ya baba yapate hifadhi ya sheria.

Mkubwa wao, Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834, alisoma Edinburgh na London, akapata idhini ya kutibu mwaka 1857, na hatimaye akaweka maskani na matibabu yake katika mtaa wa Nelson huko Liverpool. Hakupata cheo katika hospitali yoyote kubwa. Nyumbani mwake palikuwa na karakana, na ndani ya karakana hiyo mhunzi na fundi wa matandiko ya farasi waliofanya kazi chini ya macho yake, kwa kuwa aliona ni taksiri kwa tabibu kumwandikia mgonjwa chuma ambacho yeye mwenyewe hajui kukipinda. Siku za Jumapili aliwatibu maskini bila malipo, na maskini wa mji wa bandari walikuwa wengi.

Maradhi yaliyomshughulisha zaidi yalikuwa kifua kikuu cha goti, ambacho siku zile, kabla ya dawa zake kujulikana, kiliwafikisha wengi kwenye kukatwa mguu. Rai yake ilikuwa kwamba goti bovu hupona likipumzishwa kikweli, bila kukatizwa na kwa muda mrefu, na gango lake lilikuwa tafsiri ya rai hiyo katika chuma. Sehemu ya juu ni pete ya chuma iliyozungushiwa sufi na kufunikwa ngozi laini, iliyopindwa kwa mshazari ili ikae barabara juu ya paja na kuuegemea mfupa tunaoukalia. Kutoka kwenye pete hiyo hushuka fito mbili za chuma, moja ndani na moja nje ya mguu, na kati yake hufungwa mikanda ya ngozi inayoubeba mguu kama ulivyo. Mgonjwa akiwa kitandani, fito zile hukutana chini ya unyayo. Akianza kupona, ncha zake hukatwa zikapindwa kuelekea ndani na kuingizwa katika tundu la kisigino cha kiatu. Na hapo uzito wa mwili hutoka katika mfupa wa makalio, ukapita chumani hadi ardhini, goti likabaki limenyooka lisilobeba kitu. Mtu aliyekuwa akingoja kukatwa mguu akatoka mlangoni kwa miguu yake miwili.

Hugh Owen Thomas alifariki mwaka 1891, naye mrithi wake katika fani alikuwa Robert Jones, mtoto wa ndugu wa mkewe, aliyekaa na kujifunza katika nyumba ile ile. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, askari waliovunjika fupa la paja kwa risasi walikuwa wakifa njiani, kwa kuwa ncha za mfupa zilikata nyama na mishipa ya damu kila machela ilipotikiswa. Jones alisisitiza gango la mwalimu wake lipelekwe mstari wa mbele, na wachukuzi wa majeruhi wakafundishwa kulifunga macho yao yakiwa yamezibwa, ili waweze kulifunga gizani. Hesabu zinazonukuliwa tangu hapo husema kwamba vifo vya majeruhi wa namna hiyo vilikuwa 80 katika kila mia mwaka 1916, vikashuka hadi karibu 16 mwaka 1918. Na ijapokuwa wanahistoria wanazipima upya hesabu hizo, wakiona kwamba damu ya kuongezewa na upasuaji wa haraka vilisaidia pia, hapana anayekanusha kwamba pete ile ya chuma iliokoa roho nyingi.

Katika Afrika ya Mashariki gango hili lilikuja kukutana na adui mwingine, nao ni ugonjwa wa polio. Mtoto ambaye misuli ya mbele ya paja lake imepooza hana kitu cha kulinyoosha goti wakati wa kulikanyagia, na kwa hiyo hujifunza mwenyewe, pasipo kufundishwa, kuinama na kulisukuma paja nyuma kwa kiganja kila anapopiga hatua. Wengine hata hilo hawakuliweza, wakatambaa. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Ronald Huckstep alifika Kampala, akawa akifundisha Makerere na kutibu katika hospitali ya Mulago, na akakuta watoto wengi mno wa namna hiyo, ilhali magango yaliyoagizwa kutoka Ulaya yalikuwa ya bei isiyofikiwa na mkulima. Fikra yake ilikuwa nyepesi na kubwa kwa pamoja: fito za chuma cha kawaida zipindwe papo hapo Kampala, ngozi ishonwe papo hapo, na badala ya kiatu cha dukani kichongwe kiatu cha mti chenye tundu la kuingizia ncha za fito. Karakana ikaanzishwa, na miongoni mwa mafundi wake walikuwamo wenye ulemavu wenyewe. Kwanza mguu uliokunjamana hunyooshwa kwa upasuaji mdogo au kwa plasta, kisha hupimwa, kisha hufungwa gango. Na mtoto aliyefika akitambaa husimama, na akisimama huweza kwenda shule, na hilo la shule, nionavyo mimi, ndilo lililokuwa faida kubwa kupita zote. Huckstep aliondoka Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1975 akatoa kitabu juu ya matibabu ya polio katika nchi zisizo na mali, kilichofika mbali kuliko Kampala.

Kazi ya kufundisha mafundi ikapata makao ya kudumu Moshi, ambako mwaka 1981 kilianzishwa, katika eneo la hospitali ya KCMC na kwa msaada wa Ujerumani, chuo cha Tanzania cha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, kijulikanacho kwa jina la TATCOT. Wanafunzi wake wamekuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Huko chuma na ngozi vimeipisha plastiki inayolainishwa kwa moto na kuvutwa juu ya kielelezo cha plasta kilichotolewa katika mguu wa mgonjwa mwenyewe. Lakini pale juu ya paja, ukitazama vizuri, utaiona bado pete ya Liverpool.

Ilhali hayo yakiendelea, kano za ndani zilipata historia yao mbali. Mwaka 1895, huko Leeds, Mayo Robson alizishona kano mbili za msalaba za mchimba makaa ya mawe, na mtu yule akarudi kazini. Mwaka 1917 Hey Groves wa Bristol akatengeneza kano mpya kwa utepe wa utando wa paja la mgonjwa. Katika miaka ya 1960 Joe Namath, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa na magoti yaliyojeruhiwa, alitengenezewa katika hospitali ya Lenox Hill mjini New York gango la namna mpya, lenye bawaba, lililomwezesha kukunja goti na kukimbia huku likizuia muundi usizunguke wala kuteleza. Biashara ikapanuka upesi, kila mchezaji akataka la kwake, hata mwaka 1984 madaktari wa mifupa wa Marekani wakayagawa magango ya goti katika mafungu matatu: la kumkinga mzima asiumie, la kumlinda aliyepasuliwa wakati anapopona, na la kumsaidia mwenye goti legevu katika shughuli zake. Mwaka 1987 wakasema wazi kwamba lile la kumkinga mzima halijathibitishwa kufaa kwa matumizi ya kawaida.

Nimeyaeleza hayo kwa urefu kwa kuwa naona elimu ya mafundi hao inapotea machoni pa mnunuzi wa leo. Mfuko wa mpira unaovutwa juu ya goti huleta joto na kumpa mvaaji hisia ya kulijua goti lake lilipo, na hiyo ni faida, lakini hauzuii mfupa uliokosa kano usiteleze; na hata lile gango la bawaba hulizuia goti katika nguvu ndogo za kutembea, bali katika kuruka na kugeuka kwa ghafula uwezo wake hupungua. Misuli ya mbele na ya nyuma ya paja ndiyo kinga ya kudumu, nayo hupata nguvu kwa mazoezi ya miezi. Mwenye kuvaa gango mwaka mzima bila mazoezi huidhoofisha misuli ile ile aliyotaka kuipunguzia kazi. Fauka ya hayo, gango lisilopimwa huumiza: mkanda uliokazwa mno nyuma ya goti huzuia damu, na chuma kinachokandamiza upande wa nje, chini kidogo ya goti, hubana mshipa wa fahamu, mtu akafa ganzi na kushindwa kuinua unyayo.

Basi mwenye goti linalomtoka, au lililovimba saa chache baada ya kupindika, au linalokwama lisikunjuke, asianzie dukani. Na aende kwanza kwa tabibu alishike goti, alivute mbele na nyuma, alipime ubavuni, na amwambie ni kano gani iliyoharibika. Kisha kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na akiambiwa kwamba anahitaji gango, amwendee fundi atakayeuzungushia mguu wake utepe wa kupimia kabla ya kukata chochote. Na nyinyi wenye dhamana ya hospitali za mikoa, mafundi hao wamesomeshwa na wapo: wapeni chumba, tanuri na malighafi, ili mgonjwa wa Kigoma au wa Lamu asilazimike kusafiri siku mbili kutafuta jambo ambalo angeweza kufanyiwa karibu na kwake.