Kabla ya Miezi 18: Eldoret na Kipimo cha VVU kwa Mtoto Mchanga

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hakuwa na jibu lake mwenyewe. Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, na kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma zikabaki katika damu ya mtoto kwa muda unaoweza kufika miezi 18. Ukimpima mtoto wa miezi miwili kwa njia hiyo, unampima mama kupitia damu ya mwanawe. Pasipo kinga yoyote, watoto kati ya 15 na 45 katika kila 100 wa akina mama hao huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Waliobaki, ambao ndio wengi, hawaambukizwi. Daktari hakuwa na njia ya kuwatenganisha, na kungoja kulikuwa na gharama yake. Uchambuzi wa takwimu za Afrika uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya walioambukizwa na wasiotibiwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa wengi, jibu la uhakika lingefika baada ya mazishi. Ni rahisi kusimulia jinsi Eldoret, mji wa magharibi mwa Kenya, ilivyotoka katika hali hiyo kama ushindi wa mashine. Ushahidi unaelekea kwingine: mashine ilikuwa sehemu nyepesi ya kazi, na kilichookoa watoto ni utaratibu wa kuhakikisha jibu linamfikia mama mapema. Msingi wa utaratibu huo uliwekwa kabla ya mashine.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, mjini Eldoret, ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya mji wa walowezi, na hadhi ya rufaa iliipata miaka mingi baadaye, baada ya Chuo Kikuu cha Moi kufungua kitivo cha udaktari mjini humo na kuanza ushirikiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mwaka 2001 washirika hao walianzisha mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye VVU, wakianza na kliniki mbili: moja hospitalini Eldoret, nyingine katika kituo cha afya cha Mosoriot, kijijini. Mosoriot palikuwa pamewekwa mwaka huohuo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, jambo la ajabu kwa kituo cha kijijini enzi hizo. Mfumo huo ulikua pamoja na mpango, na mwaka 2004 wataalamu waliotokana na kazi hiyo wakashiriki kuanzisha OpenMRS, programu ya bure ya kumbukumbu za hospitali ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Fedha za mpango wa dharura wa Marekani wa kupambana na ukimwi zilipoanza kuingia mwaka 2004, kliniki zilienea hadi Turbo, Burnt Forest, Webuye, Kitale, Busia na kwingineko. Kwa hiyo kabla kipimo cha watoto hakijawa huduma ya kawaida, tayari palikuwa na daftari lililomjua mama kwa namba yake, kliniki aliyozoea kurudi, na wahudumu waliotumwa kumtafuta asipoonekana siku ya miadi.

Sayansi yenyewe ilikuwepo zamani. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni PCR, njia ya kunakili kipande cha vinasaba mara mamilioni hadi kigundulike, na kwa njia hiyo maabara ingeweza kutafuta virusi vyenyewe badala ya kingamwili. Nchi tajiri zilikitumia kipimo hicho kwa watoto miaka mingi kabla hakijafika vituo vya vijijini vya magharibi mwa Kenya, kwa sababu damu ya majimaji hudai sindano, jokofu na gari la haraka. Kikwazo hicho kiliondolewa na karatasi. Miaka ya 1960 Robert Guthrie, nchini Marekani, alikuwa ameonyesha kwamba matone ya damu ya mtoto mchanga yanaweza kukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupimwa baadaye ili kugundua ugonjwa wa kurithi. Njia hiyo ilihamishiwa kwa VVU. Muuguzi huchoma kisigino cha mtoto, hujaza damu kwenye miduara iliyochorwa kwenye kadi, huiacha ikauke mbali na jua, kisha huifunga katika mfuko pamoja na vijipakiti vya kunyonya unyevu. Kadi hiyo haihitaji barafu na huvumilia safari ya siku kadhaa. Kenya ilipojenga mtandao wake wa kupima watoto kuanzia katikati ya muongo wa 2000, maabara ya AMPATH mjini Eldoret ikawa miongoni mwa maabara chache za nchi zilizopokea kadi hizo, sambamba na zile za Nairobi, Kisumu, Alupe na Kericho.

Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba kumwanzishia mtoto dawa katika wiki zake za kwanza, bila kungoja dalili, hupunguza vifo kwa asilimia 76. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaagiza kila mtoto mwenye virusi aliye chini ya mwaka mmoja atibiwe mara moja. Tangu hapo kila siku ambayo jibu lilikawia ilikuwa na thamani inayopimika. Kipimo cha kwanza kikafungamanishwa na chanjo ya wiki sita, siku ambayo mama angekuja kliniki hata hivyo. Lakini kadi ilibidi isafiri, ipimwe, jibu lichapwe, lirudi, na mama awepo kulipokea. Mnyororo huo ungeweza kukatika popote. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilionyesha hatari yake kwa ukali: maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Eldoret, na kwa aliyefukuzwa kwake anwani iliyoandikwa kliniki haikuongoza tena popote. Katika hali kama hiyo maabara bora kuliko zote haina msaada pasipo watu wa kumtafuta mama na kumbukumbu za kuwaelekeza.

Mtu anaweza kupinga akisema teknolojia imeshalimaliza tatizo hilo, kwani sasa kuna mashine ndogo zinazokaa kliniki na kutoa jibu mama akiwa bado anasubiri. Ni kweli, na mafanikio yake ni makubwa. Katika utafiti wa nchi nane za Afrika uliochapishwa mwaka 2019, muda wa kati wa mlezi kupata jibu ulishuka kutoka siku 55 hadi siku ileile ya kipimo. Lakini tuangalie ni nini kilichoshinda. Maabara kuu ilikwisha kuweza kuviona virusi; mashine ndogo ilifuta safari ya kadi na safari ya jibu. Faida yake imetoka palepale ninapoelekeza. Nayo bado inahitaji umeme, vitendanishi, fundi na mama anayerudi, na kwa kituo kinachopokea watoto wachache kwa mwezi, kadi bado ina hesabu nzuri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tangu utafiti wa Kampala wa mwaka 1999 uonyeshe kwamba dozi moja ya dawa ya nevirapine kwa mama na moja kwa mtoto hukata maambukizi kwa karibu nusu, kinga imeboreka sana. Mama anayetumia dawa vizuri mara chache sana humwambukiza mwanawe. Basi kwa nini kuendelea kugharimia kipimo? Kwanza, wanaoambukizwa leo hutoka hasa kwa akina mama ambao huduma iliwakosa, au walioambukizwa wakiwa wajawazito au wakinyonyesha, na ndiyo maana mwongozo wa Kenya uliongeza vipimo vya miezi sita na kumi na miwili juu ya kile cha wiki sita. Pili, kadiri maambukizi yanavyopungua ndivyo kipimo kinavyodai uangalifu zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu: watoto 1,000, kumi wameambukizwa, na kipimo hukosea kwa wazima watano tu katika kila 1,000. Majibu ya kuonyesha virusi yatakuwa kama 15, na matano kati yake ni ya uongo. Theluthi nzima ya familia hizo zingeambiwa lisilo kweli kama hakuna sampuli ya pili. Kwa hiyo mafanikio ya kinga yanaongeza haja ya kumwita mtoto tena na kumfuatilia.

Linabaki pingamizi kwamba haya yote yalijengwa kwa fedha za wageni, na kwamba yataondoka nazo. Mwaka 2021, mzozo kati ya serikali na wafadhili juu ya kodi na usambazaji ulikwamisha shehena ya dawa bandarini Mombasa, na vitendanishi vya kuwapimia watoto vikaadimika. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada yake na kulivunja shirika lake la maendeleo. Udhaifu huo si wa kukanushwa. Hata hivyo, historia ya Eldoret inaeleza ni sehemu ipi ya urithi huo ya kuokoa kwanza. Mashine huweza kununuliwa tena mwaka wowote fedha zikipatikana. Mfuatiliaji anayezijua njia za Turbo, karani anayejua jibu lipi halijachukuliwa, na muuguzi ambaye mama anamwamini kiasi cha kurudi, wakitawanyika huchukua miaka kuwakusanya upya. Serikali ya taifa na za kaunti zikianza kubeba gharama hizi, zianze na mishahara ya watu hao. Bajeti inayonunua vitendanishi na kumsahau anayempigia mama simu itakuwa imenunua nusu ya kipimo.