Mtendewa Hasahau: Juu ya Fidia Katika Ituri

Leo tunazungumza juu ya neno linalogusa nyumba nyingi za Bunia na Ituri yote: fidia. Wahenga walisema, mtenda husahau, mtendewa hasahau. Basi tujiulize, huyu mtendewa anataka nini? Fedha peke yake? Au anataka kwanza watu wakubali kwamba alidhulumiwa?

Tuanze mbali. Mwaka 1903 dhahabu ilionekana karibu na Kilo. Chini ya utawala wa Wabelgiji machimbo ya Kilo na Moto yalipanuka, na kazi ilitaka watu wengi. Machifu walilazimishwa kutoa vijana. Wengine walibebeshwa mizigo, wengine walilimishwa chakula cha wachimbaji. Aliyekataa alionja fimbo na kifungo. Mwezi wa sita mwaka 2020 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alieleza majuto yake kwa maandishi. Lakini kujuta si kuomba msamaha. Mwisho wa mwaka 2022 wabunge wa Ubelgiji waliochunguza mambo hayo walishindwa kukubaliana juu ya kuomba msamaha, kwa maana wengine waliogopa kwamba madai ya fidia yangefuata.

Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024, korti ya rufaa ya Brussels iliamuru serikali ya Ubelgiji kulipa euro 50,000 kwa kila mmoja wa wanawake watano machotara, walionyang'anywa mama zao hapa Kongo walipokuwa watoto. Korti ilitamka kwamba lile lilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu. Walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 70.

Usidhani, msikilizaji, kwamba dhuluma ilikwisha siku ya uhuru. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya serikali. Mtu akipata cheti cha shamba, na miaka miwili ikapita bila mwingine kupinga, ilikuwa shida sana kumwondoa. Mkulima asiyesoma Kifaransa aliweza kupata habari siku ya kufukuzwa. Ugomvi juu ya mashamba ya namna hiyo huko Djugu uliwasha moto wa mwaka 1999, wakati jeshi la Uganda lilikuwa limekalia nchi yetu.

Baada ya vita zilikuja hukumu. Bogoro ilishambuliwa tarehe 24 mwezi wa pili mwaka 2003. Mwaka 2017 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kule La Haye, iliwatambua wahanga 297 katika kesi ya Germain Katanga. Kila mmoja aliandikiwa dola 250 kama alama, pamoja na msaada wa nyumba, masomo, kazi na matibabu ya moyo. Dola 250 hazijengi nyumba. Lakini jina lake limeandikwa, na hakuna anayeweza tena kusema mambo yale hayakutokea.

Sasa sikiliza vizuri. Thomas Lubanga alihukumiwa mwaka 2012 kwa kosa la kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi na kuwatumia vitani. Hivyo fidia ya kesi ile ilikuwa ya watoto wale na jamaa zao. Ni haki, kwa maana mtoto aliyepewa bunduki ameharibiwa maisha. Lakini jiweke mahali pa mama aliyechomewa nyumba na jeshi hilohilo. Katika kesi ile yeye hakuhesabiwa. Ilibidi kungoja kesi ya Bosco Ntaganda, na amri ya fidia ya mwaka 2021, ndipo watu wa vijiji vilivyoshambuliwa nao wakatambuliwa. Miaka yote hiyo kati ya majirani iliota chuki.

Ndiyo sababu tunasema: fidia inayohesabu upande mmoja huzaa kisasi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vijiji vya Djugu vimechomwa tena.

Tufanye nini? Kwanza, kila kijiji kiandike wahanga wake wote, Hema, Lendu, Ngiti, Bira, Alur, Nyali na wengine, bila kuchagua kabila. Pili, habari za ardhi zilizochukuliwa tangu ukoloni ziandikwe pamoja na habari za damu, kwa maana ni mzizi mmoja. Tatu, fedha zitajwe hadharani. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda kulipa Kongo dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni kwa ajili ya watu walioumizwa. Mwaka huohuo serikali yetu ilitunga sheria ya kulipa wahanga. Mhanga ana haki ya kuuliza: zimefika wapi?

Na wewe pia una kazi. Serikali na korti zina yao, lakini jirani yako unamjua wewe. Utakapohesabu wafu wa upande wako, hesabu na wake. Hilo halihitaji fedha wala wakili, na bila hilo dola zote za La Haye hazitatulaza usingizi.