Mwanagenzi wa Rouen: kijana, baba yake na hesabu zisizoisha

Leo naomba tuiweke misimbo kando kidogo, tuzungumze historia. Usiondoke lakini, maana tutaishia palepale kwenye tarakilishi.

Nianze na mimi mwenyewe. Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo yakiwa bado, mama aliniambia hataki kuniona kitandani saa nne asubuhi. Akanichukua kwenye kampuni yake ndogo ya kusambaza unga, sukari na sabuni madukani. Walikuwa watu sita tu: mama, karani mmoja mzee, mtunza stoo na madereva watatu. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha, kila jioni, madaftari ya madereva na pesa zilizoingia kwa M-Pesa. Tofauti ya shilingi 50 ilitosha kutuweka ofisini hadi usiku. Yule mzee alikuwa akijumlisha kila safu mara tatu, kwa kalamu na midomo.

Wiki ya tatu nikatengeneza jedwali la Excel. Kazi ya saa mbili ikawa ya dakika kumi. Mama akamsimulia kila mteja. Nami nilitembea kama mtu aliyevumbua gurudumu. Yaliyofuata nitayasema mwishoni, kwa sababu kwanza nataka mumjue kijana mwingine aliyeingia kazini kwa mzazi wake, miaka karibu 400 iliyopita.

Huyo ni Blaise Pascal. Kama ulisoma sayansi ya tarakilishi huenda unalijua jina kwa sababu ya Pascal, lugha ya programu aliyoitoa Niklaus Wirth mwaka 1970. Kama ulisoma fizikia unalijua kama kipimo cha shinikizo. Lakini kabla ya hayo yote alikuwa mtoto wa mtoza kodi.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 mjini Clermont, Ufaransa. Mama yake alifariki Blaise akiwa na miaka mitatu. Baba yake, Étienne, alikuwa jaji katika mahakama ya kodi na mpenzi wa hisabati. Mwaka 1631 aliwahamishia watoto wake watatu Paris, akawa anamfundisha Blaise mwenyewe nyumbani.

Mambo yakaharibika mwaka 1638. Étienne alikuwa ameweka akiba yake katika hati za serikali. Serikali, ikiwa vitani na Uhispania, ikapunguza malipo. Yeye na wenzake wakalalamika hadharani, na Kadinali Richelieu, aliyekuwa waziri mkuu wa mfalme, akaamuru wakamatwe. Étienne akakimbia mji. Aliyemwokoa ni bintiye mdogo, Jacqueline, aliyeigiza katika mchezo mbele ya Richelieu mwaka 1639, kisha akamwombea baba yake msamaha. Msamaha ukaja, na kazi ikaja nyuma yake: kuwa kamishna wa kodi huko Rouen, jimbo la Normandy.

Kazi hiyo haikuwa zawadi tupu. Mwaka huohuo wa 1639 watu wa Normandy walikuwa wameasi kwa sababu ya kodi, hasa kodi ya chumvi. Mapema mwaka 1640 mkuu wa sheria wa ufalme, Pierre Séguier, aliingia Rouen kuliadhibu jimbo. Wakati uleule Étienne akaingia na madaftari. Blaise alikuwa na miaka 16.

Sasa fikiria ofisi ile. Vitabu vilivurugika, kodi zilitakiwa zigawanywe upya mji kwa mji, na jeshi lilisubiri pesa. Makarani walihesabu kwa kalamu au kwa kusogeza vidude vya chuma kwenye ubao wenye mistari. Baba na mwana walikesha wakijumlisha.

Na pesa zenyewe zilikuwa na vituko. Denier 12 zilifanya sol moja, na sol 20 zilifanya livre moja. Ukitaka kuonja shida yenyewe, jumlisha livre 6, sol 18 na denier 8 pamoja na livre 3, sol 5 na denier 7. Denier zinakuwa 15, yaani sol moja na denier 3. Sol zinakuwa 18 na 5 na ile moja uliyobeba, jumla 24, yaani livre moja na sol 4. Livre zinakuwa 10. Jibu: livre 10, sol 4, denier 3. Sasa fanya hivyo mara elfu moja, kwa mshumaa. Sisi wa shilingi na senti 100 tuna bahati. Waingereza waliendelea na hesabu hiyohiyo ya 12 na 20 mpaka mwaka 1971.

Mwaka 1642 kijana akaamua kutengeneza mashine. Wazo la mashine ya kujumlisha lilikuwa limeshampata mwingine: Wilhelm Schickard wa Tübingen, Ujerumani, alimwandikia Kepler kuhusu mashine yake mwaka 1623, mwaka uleule aliozaliwa Pascal. Lakini mashine iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya Kepler iliungua moto, na barua zile zikaja kueleweka karne tatu baadaye.

Wenzangu wa programu, hapa ndipo penye utamu. Kujumlisha ni rahisi, kubeba ndiko kugumu. Chukua 999,999 uongeze 1. Magurudumu yote sita lazima yageuke kwa pamoja. Ukitumia meno ya kawaida, nguvu zote zinatoka kwenye kidole kinachosukuma gurudumu la kwanza. Mashine inakwama au meno yanavunjika.

Pascal alitatua hivi: kila gurudumu likisogea kutoka 0 kuelekea 9, linainua mkono mdogo wenye uzito, polepole. Likivuka 9 kurudi 0, mkono ule unaachiliwa, unaanguka kwa uzito wake wenyewe, na katika kuanguka unasukuma gurudumu jirani hatua moja. Nguvu ya kubeba haitoki tena kwenye kidole. Imekuwa ikiwekwa akiba kidogo kidogo tangu mwanzo. Mkono unaanguka, unaangusha wa pili, mpaka mwisho wa mstari. Na kwa pesa, gurudumu la denier alilipa nafasi 12 na la sol nafasi 20. Alimtengenezea baba yake mashine ya kazi ya baba yake.

Ila kila uamuzi una gharama. Mikono ile iliruhusu magurudumu kuzunguka upande mmoja tu. Utatoaje basi? Unageuza kutoa kuwe kujumlisha. Tuseme 52 toa 17. Badala ya 52 andika kinachobaki kufika 99, yaani 47. Jumlisha 17, upate 64. Kisha tazama tena kinachobaki kufika 99: ni 35. Ndilo jibu. Pascal aliweka madirisha mawili ya namba na ubao mwembamba wa kuyafunika kwa zamu, hivyo mtumiaji hakulazimika kupiga hesabu ya 99 kichwani. Mbinu ya jamii hiyohiyo, kwa namba za 0 na 1, ndiyo inayotumika leo ndani ya simu yako kila inapotoa namba nzima.

Alijaribu vielelezo zaidi ya 50 kabla ya kuridhika. Tatizo kubwa lilikuwa mafundi: yeye alijua hesabu ila hakujua kufua chuma, na wao walijua chuma ila hawakuielewa hesabu. Fundi saa mmoja wa Rouen alisikia habari za mashine akatengeneza ya kwake. Ilikuwa nzuri kutazama, imesuguliwa ikang'aa, lakini haikufanya kazi. Pascal alivunjika moyo kiasi cha kuwaachisha mafundi wake kwa muda, akihofu watu wataona ile ya bandia na kuidharau ya kweli.

Mwaka 1645 aliitoa hadharani, na mwaka 1649 mfalme akampa hati ya kumlinda dhidi ya waigaji. Watu walishangaa. Wanunuzi wakawa wachache. Ilikuwa ghali, na karani alipatikana kwa bei nafuu. Zilizobaki hadi leo hazifiki 10, na kadhaa zipo katika jumba la makumbusho la Arts et Métiers, Paris.

Kuna jambo linalonikera katika hadithi hii, nalo vitabu vya historia ya tarakilishi hulipita haraka. Pascal aliitabaruku mashine kwa nani? Kwa Séguier, yuleyule aliyekuja kuwaadhibu watu wa Normandy. Kijana aliona uchovu wa baba yake, na aliuona vizuri kwa sababu alikaa meza moja naye. Lakini upande wa pili wa daftari kulikuwa na mkulima aliyedaiwa. Kwake yeye, hesabu iliyo haraka na isiyokosea haikuwa lazima iwe habari njema. Simlaumu kijana. Nasema tu kwamba ukijifunza kazi kwa mzazi, unajifunza pia kutazama dunia kutoka kwenye kiti cha mzazi.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye jedwali langu.

Nilipoenda chuo kikuu, mama aliajiri dereva wa nne. Karani akamwongezea mstari chini ya wale watatu. Shehena alizopeleka zilihesabiwa, ila fomula yangu ya malipo iliishia mstari wa tatu. Kwa hiyo kila jioni jedwali lilisema dereva mpya amebeba mali na hajarudisha pesa. Mama akanipigia simu: "Hii kitu yako inasema tumepoteza elfu kumi na mbili." Nami, mjuzi wa wiki tatu, nikamjibu kwamba tarakilishi haikosei, amuulize dereva.

Dereva aliulizwa kwa siku tatu. Aliapa, akatoa ujumbe wa simu yake, hakuaminiwa. Aliyemwokoa ni yule karani mzee, aliyekuwa bado anaandika daftari lake kimyakimya pembeni. Alijumlisha mara tatu, kwa kalamu na midomo, akasema: "Mama, pesa ziko. Ni mashine ya kijana ndiyo haizioni."

Nilirudi nyumbani wikendi ile nikamwomba dereva msamaha. Aliupokea, lakini miezi miwili baadaye aliacha kazi.

Niliijengea mashine macho ya mtu mmoja: mama. Kila nikiandika programu ya malipo siku hizi, kabla sijaikabidhi, nauliza swali ambalo sikuliuliza nikiwa na miaka 18: ikikosea, nani ataulizwa kwa siku tatu?

Wewe unayempeleka mwanao ofisini kwako likizo hii, mpeleke. Mpe kazi inayochosha, ndipo atakapoona kitu. Ila siku moja mtoe kwenye meza yako, umkalishe kwenye lori na dereva.

Tuonane wakati mwingine.