Mbunge wa Viti vya Nyuma na Sheria ya Shule za Ubaguzi: Leonard Braithwaite katika Bunge la Ontario, 1963–1975

Historia ya mabunge ya majimbo ya Kanada imezoeleka kuandikwa kupitia viongozi wa serikali. Sehemu hii inamchunguza mbunge ambaye hakuwahi kushika uwaziri. Leonard Braithwaite alizaliwa Toronto mwaka 1923, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Alitumikia Jeshi la Anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, akasomea biashara Toronto na Harvard, kisha sheria. Alipitia bodi ya elimu ya Etobicoke na udiwani kabla ya kushinda, Septemba 1963, kiti cha Etobicoke kwa tiketi ya Chama cha Liberali. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo lolote la Kanada. (Humu “jimbo” ni sehemu ya shirikisho yenye serikali yake, anakowakilisha mbunge tutakuita “eneo bunge”.)

Uwezo wake ulikuwa mdogo. Chama tawala cha John Robarts kilikuwa na viti 77 kati ya 108. Mbunge asiye waziri hakuweza kuwasilisha muswada wa matumizi ya fedha za umma, na muswada wake binafsi ulipita tu endapo Serikali iliridhia. Alibakiwa na maswali, kamati, shida za wapiga kura wake na haki ya kusema ukumbini.

Haki hiyo aliitumia mapema. Sheria ya shule ya mwaka 1850 ilikuwa imeruhusu shule tenge za watu weusi. Kwa maneno yake, shule hizo zilianzishwa kwa maombi ya wakuu wa familia za watu weusi wenyewe. Kwa vitendo, wadhamini wa shule waliitumia kuwafukuza watoto wao katika shule za wote. Mwaka 1854, katika shauri la mkulima Dennis Hill, mahakama iliamua kwamba palipoanzishwa shule tenge, watoto weusi walipaswa kwenda huko. Zaidi ya karne moja baadaye masharti hayo yalikuwa bado yamo katika sheria za Ontario. Tarehe 4 Februari 1964, katika hotuba yake ya kwanza, Braithwaite alitaka yaondolewe. Mwezi uliofuata Waziri wa Elimu, William Davis, aliwasilisha muswada wa kuyafuta, na mwaka huohuo yakafutwa.

Wasifu mwingi humalizia hapo, kwa ushindi. Naona hesabu ni ngumu zaidi. Kufuta kifungu hakukuigharimu Serikali fedha wala kura, na kwa kuwa kifungu cha 93 cha sheria ya mwaka 1867 kiliweka elimu mikononi mwa majimbo, haikuhitajika idhini ya Ottawa. Urahisi huo haupunguzi sifa ya msemaji. Unazidisha lawama kwa waliomtangulia, ambao nao wangeweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ileile ndogo.

Tena, kufutwa kwa kifungu hakukufunga shule yoyote. Huko Colchester South, kaunti ya Essex, mbali na Etobicoke, watoto weusi waliendelea kusoma peke yao hadi mwaka 1965, shule hiyo ilipofungwa baada ya kampeni ya wazazi na majirani. Wazazi hao hawakuwa wapiga kura wa Braithwaite. Aliwasemea bila kudaiwa na eneo bunge lake, nao walikamilisha jambo ambalo hotuba isingeweza kulikamilisha.

Mwaka 1966 alihoji kwa nini vijana wanaowahudumia wabunge ukumbini walikuwa wavulana tu. Safari hii hapakuwa na muswada wa mwezi uliofuata. Wasichana wa kwanza waliingia mwaka 1971, Braithwaite akiwa bado kwenye viti vya upinzani.