Ndugu Wawili wa Ashington
Mwaka 1966 Bobby Charlton na kaka yake Jack walitwaa Kombe la Dunia wakiwa na Uingereza. Nyota alikuwa Bobby, mshindi wa Ballon d'Or mwaka huohuo. Jack alikuwa beki mrefu, asiye na madoido.

Mwaka 1973 wote wakaingia kwenye ukocha.

Msimu wa kwanza tu, Bobby akashuka daraja na Preston North End. Jack akaipandisha Middlesbrough hadi ligi kuu. Baadaye aliifikisha Jamhuri ya Ireland robo fainali ya Kombe la Dunia 1990. Kipaji cha Bobby, kwa kweli, hakikufundishika: mashuti yale ya mbali yalikuwa yake peke yake. Beki wa kati huuona uwanja wote mbele yake na kuwapanga wenzake, na kazi hiyo Jack aliihamishia benchi.