Nani anajua kusoma dosie ya mgonjwa?

Wandugu, leo ninaacha mihogo na mahindi kidogo. Tusome historia ya mguu mmoja.

Tarehe 5 Novemba 1960, kule Illinois, Marekani, mwanafunzi wa miaka 18 alivunjika mguu akicheza mpira wa Kimarekani. Hospitali ya mji wa Charleston ikamfunga plasta. Haikukawia, maumivu yakawa makali. Vidole vikavimba, vikawa vyeusi, kisha vikapoa, havisikii tena. Mganga akawa anakata plasta kidogo kidogo, siku kwa siku. Baada ya siku 14 kijana akahamishwa St. Louis. Walijaribu kuuokoa mguu, ikashindikana. Ukakatwa chini ya goti.

Mbele ya tribinali hospitali ilijitetea: kutibu ni kazi ya mganga, si ya hospitali. Lakini mwaka 1965 tribinali kuu ya Illinois ikasema hapana, hospitali nayo inaweza kubeba kosa, kama haikuweka wauguzi wa kutosha wenye kutambua mguu unaooza na kutoa habari kwa wakubwa. Kesi hiyo inaitwa Darling, na inafundishwa hadi leo.

Sasa jiulize: avoka atayaonaje mambo hayo ndani ya dosie? Yeye amesoma sheria. Muuguzi njo anajua kwamba mtu akifungwa plasta, vidole vyake vinaangaliwa mara kwa mara: rangi, joto, kama vinasikia. Kama hakuna aliyeandika, yeye anaona lile pengo.

Polepole wauguzi wa Marekani wakaifanya kuwa kazi kamili, na mwaka 1989 wakaunda chama chao. Wanapanga karatasi kwa tarehe na saa, wanatafuta ukurasa uliokosekana, wanalinganisha kilichofanywa na kilichopaswa kufanywa. Wengine wanasaidia upande wa hospitali. Na mara nyingine wanamwambia avoka: hapa hakuna kosa, ugonjwa ulishinda tu. Hiyo pia ni msaada. Hawachukui nafasi ya avoka, wala ya tribinali.

Mimi ninaelewa hii juu ya daftari ya shamba. Mkulima akisema mahindi yamekufa, siulizi nani amemloga. Ninauliza: ulipanda lini? Mvua ilikatika lini? Daftari ikikosa tarehe, tunabaki kushitakiana.

Shangazi yangu alipofariki, tulirudi nyumbani na karatasi moja tu, ordonansi. Mdogo wangu, ambaye ni infirmié, aliigeuza mbele na nyuma, akaniambia: "Yaya, hapa hakuna hata saa moja." Mpaka leo hatujui kama tulikosewa ao hapana. Hiyo njo inauma zaidi.

Basi ninyi wa sheria na ninyi wa uuguzi, mnapita kila siku kwenye barabara moja ya univesité. Salimianeni. Na sisi wengine tuombe karatasi za wagonjwa wetu, tuzitunze. Siku ya kuuliza ikifika, tusifike mikono mitupu.